Kiti cha Waisiko

Gati, niinue mgongo, kisha funga mlango, maana ninayotaka kusema ni ya nyumba hii. Sikilizeni wanangu, na wewe Simoni usiniambie nipumzike; kupumzika kwangu kunakuja kwenyewe.

Mipaka ya mashamba mnaijua. La mtoni ni la Simoni, la juu karibu na njia ni la Gati, na asitokee mtu wa ukoo kumwambia binti harithi, kwa sababu ni yeye aliyekesha shambani kuwafukuza tembo wakati wengine mmejazana Tarime mjini. Ng'ombe gawaneni kama ndugu. Ila yule mtamba mweusi msimguse. Huyo ni wa Danford.

Najua mtanuna. Nilikusikia, Simoni, ukicheka huko nje: "Tata anampa ng'ombe Mhaya wa kubonyeza kompyuta!" Ndiyo, mura, ninampa, tena angali hai, kwa kuwa kumsifu mtu kaburini ni kumpa uji asiye na mdomo. Mama yake, Kokushubira, aliletwa na serikali kuwa muuguzi, kijana akakulia hapa kwetu, akafungua studio Nyamisangura, kule Tarime mjini, nyuma ya duka la nafaka, magodoro yamepigiliwa ukutani, na vijana wa hip hop kuanzia Sirari mpaka Mugumu wanamfuata yeye awatengenezee nyimbo. Nilipoingia na litungu langu nilidhani watanicheka. Alivua kofia, "Shikamoo mzee," akazima feni isisikike, akakaa sakafuni mpaka nikamaliza. Hakuuliza litungu lina nyuzi ngapi, kama wanavyouliza watalii. Aliuliza, "Mzee, huyo Robi unayemwita ni nani?"

Niliweka litungu chini, wanangu. Nikamwambia ni mama yenu, na wimbo huo nilimtungia tulipokuwa tunajenga nyumba hii, yeye akikanda udongo huku mimba ya Simoni imemlemea. Danford akaziweka ngoma zake chini ya nyuzi zangu, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni, na jina la Robi akaliacha juu, peke yake. Leo vijana ambao hawakumjua wanaliitikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa Waisiko. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu yangu wa tumbo moja, niliyemfundisha kukaza nyuzi, kaburi la mama yenu halijaota majani akaenda kuupiga wimbo ule kwenye kambi ya watalii Robanda, akamtoa Robi, akamweka Irine, mkewe. Nilipomuuliza alicheka: "Kaka, marehemu ana kazi gani na wimbo?" Mchungaji aliniambia nisamehe. Nimejaribu. Nimejiambia labda alitaka tu kumfurahisha mkewe, na moyo wa mtu ni msitu, siwezi kuuhukumu wote. Lakini hili siendi nalo kaburini.

Kwa hiyo nilirudi studio. Danford alinirekodi nikimtukana Waisiko mpaka mate yakakauka, halafu akayafuta matusi karibu yote. Nikawaka: "Wewe kijana, unamtetea?" Akasema, "Hapana, mzee. Ila ukimchana mtu unamwachia mdundo ajibu. Usipomwachia, huo ni umbea, siyo hip hop." Nikamkubalia, maana hata katika ngoma zetu, mpiga litungu akimsema mtu hufunga mdomo, nyuzi zikaendelea, mpaka aliyesemwa ajibu. Msema pweke hakosi. Kijana hakuzaliwa kwetu, lakini sikio lake lilifika pale pale walipofika wazee wetu. Ndiyo maana nataka aheshimiwe.

Basi siku ya kunizika Danford alete spika zake, akae pamoja nanyi wanangu. Waisiko mpeni kiti cha mbele, kizuri, na Irine kando yake. Mlisheni, mnyenyekeeni, asipate sababu ya kuondoka. Wimbo utapigwa, kisha sauti yangu itauliza: "Waisiko, wimbo huu ulitungwa kwa nani?" Halafu mtasikia mdundo mtupu, mrefu. Asikohoe mtu. Mchungaji asianze sala. Na wewe Simoni usimhurumie baba yako mdogo. Akilitaja jina la mama yenu mbele ya mkewe na mbele ya kijiji chetu chote cha Machochwe, mpeni litungu langu, atakuwa amelipata kwa halali. Akinyamaza, litungu ni la Danford, na kimya hicho Waisiko akibebe mpaka kwake.

Unasema Irine ataumia, Gati. Ataumia, mwanangu. Hana kosa, hilo nimeliona, na bado nataka.

Maji... Asante. Sogezeni vichwa. Mungu awape watoto watakaoyataja majina yenu baada yenu. Maziwa yasikauke vibuyuni. Mpendane... na Danford mumwite kaka, mbele za watu mumwite kaka.

Simoni... kile kiti. Kigeuzeni... kiwatazame watu. Aone wanavyomsubiri.