Leonardi Kasiani Luambano, Aliyekataa Sahihi

Ndugu waombolezaji, majirani wa Temeke na wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha uchapaji, mimi ni Yustina, mdogo wake marehemu. Ukoo umeniomba nisome maisha yake. Mtanivumilia nikisita kidogo njiani, maana mengine humu sijapata kuyasema kwa sauti.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1936 katika kijiji cha Lundusi, karibu na misheni ya Peramiho, Songea. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Kasiani Luambano na Mama Rozina, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1945 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1952. Darasani kwao kulikuwa na kitabu kimoja tu cha picha, na wanafunzi waliowatangulia walikuwa wamekichorachora chote. Kila mtu humo alikuwa na masharubu, hata malkia, na wengine wamewekewa pembe. Marehemu alituambia kwamba alitoka darasa la pili bila kujua malkia yule alikuwa na sura gani. Sisi tulicheka. Yeye aliisimulia habari hiyo kwa hasira mpaka ameota mvi.

Mwaka 1956 alikuja Dar es Salaam na kuajiriwa kiwanda cha uchapaji, Barabara ya Pugu, kwenye mashine ya kukata karatasi. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na saba na vidole vyote kumi anazikwa navyo, jambo ambalo wakata karatasi wenzake mliopo hapa mnajua si dogo. Desemba 1962, tulipokuwa Jamhuri, kiwanda kilianza kuchapa kijarida cha hadithi za picha kiitwacho Makeke. Nyote mnamkumbuka Bwana Kibindo wa humo, yule mwenye kitambi aliyejificha kila ilipopigwa mbiu ya kazi za kujitolea, akakutwa mara darini, mara ndani ya pipa. Marehemu alichukua nakala moja ya kila toleo, ikiwa bado na joto la mashine, akaifunga kwa karatasi ya kaki na kuilaza sandukuni pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Kuanzia toleo la kwanza hadi la mwisho mwaka 1979, karatasi zilipoadimika, alikuwa nazo mia moja na kumi na mbili. Ukitaka kusoma ulinawa kwa sabuni, ukajifuta, ukamwonyesha viganja.

Mchoraji wa Makeke yupo nasi hapa. Ni Bwana Mwishehe Jamali, Mzaramo wa hapahapa Temeke, mtani wetu sisi Wangoni. Watu walimfuata Mwishehe na nakala zao, naye akawatilia sahihi, akawachorea Bwana Kibindo kando ameshika jembe lao au baiskeli yao. Nakala yenye mkono wa Mwishehe ilikuwa ikioneshwa wageni kama cheti cha ndoa. Marehemu peke yake alikataa. Walibishana barazani kwetu kila Jumapili, na sisi tuliokuwepo tulikuwa tukiacha chai ipoe.

"Mngoni wewe, kijarida bila mkono wangu ni karatasi tu ya kiwandani," Mwishehe alimwambia. "Wametoa elfu nzima zinafanana. Mie nikitia jina, yako inakuwa moja duniani."

"Mkono wako si umo humo, kurasa zote?" kaka alijibu. "Sasa unataka kuingia mara ya pili kwa mlango gani? Ukishaandika 'kwa Leonardi', kitakuwa cha Leonardi. Mie nataka kiwe cha yeyote atakayekifungua, akikute kama kilivyotoka."

"Nyie mmetoka Afrika Kusini kwa miguu, mkasahau njiani namna ya kupokea zawadi."

"Na nyie mkisikia ngoma mnaacha chungu motoni. Nenda kachore kule."

Marehemu alifunga ndoa na Sesilia Gregori tarehe 27 Aprili 1963. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wa kwanza, Fransis, alizaliwa Machi 1964. Fransis alijifunzia kusoma kwenye Makeke. Hakusubiri kuambiwa anawe, alikuja mbio kutoka bombani viganja juu, maji yanamtiririka hadi viwikoni, anapaza sauti, "Baba, safi!" Mwishehe aliyaona hayo mara nyingi akiwa barazani, na alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Fransis alifariki kwa surua tarehe 9 Juni 1970, akiwa na miaka sita.

Wenyeji wa mila zetu mnajua kazi ya mtani msibani. Anachukua anachotaka, anafanya vituko, anamchekesha mfiwa kwa lazima ili mfiwa asife na maiti yake, wala haruhusiwi mtu kumkasirikia. Siku ya pili ya matanga Mwishehe aliingia chumbani, akafungua sanduku, akatoa toleo la kwanza. Aliketi nalo katikati ya waombolezaji, akatoa kalamu ya wino na kuchora kwenye jalada, pale juu palipokuwa peupe. Alimchora Fransis amekaa mabegani mwa Bwana Kibindo, viganja juu, maji yanadondoka kwenye upara wa Kibindo. Kisha akatia sahihi yake kubwa chini. Wanawake walicheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwepo. Kaka alikitazama, akasema, "Ahsante, mtani," akatoka nje.

Nasema wazi kwamba hasira ilimkaa. Mila ilimfunga mdomo, lakini haikumtoa kinyongo. Kati ya nakala zote zile, mtani alikuwa amechukua ile ya kwanza, iliyokuwa safi kuliko zote. Wiki ya tatu baada ya mazishi, kaka aliketi mezani na wembe na kipande cha ndimu, kama wanavyokwangua wino kiwandani. Alianza na sahihi. Aliikwangua yote, ikaisha, akawa ameingia kwenye mguu wa Bwana Kibindo. Ndipo Sesilia alipotoka sokoni. Hakupiga kelele. Aliweka kapu chini, akamwuliza, "Leonardi, una picha nyingine ya mwanangu?"

Hakuwa nayo. Hapakuwa na picha yoyote ya Fransis. Walikuwa wamepanga kumpeleka studio Krismasi iliyotangulia, wakaahirisha, wakasema mtoto bado anakua, ataenda mwakani. Kaka aliweka wembe mezani. Wifi yangu amenieleza kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia tangu mtoto azikwe, na kwamba alilia mpaka ndimu ikakauka pale mezani.

Mwishehe alipokuja kutembea aliona mahali jina lake lilipokuwa. Mtani unaweza kumwagia maji, unaweza kumtukania ukoo mzima, atacheka. Kumfuta jina ni kitu kingine. Hakuja tena barazani. Kwa miaka kumi na minne wale wawili walisalimiana tu, "Habari za kazi," "Nzuri," mmoja analeta michoro, mwingine anakata karatasi, kisha Makeke ilipokoma, njiani tu, na kila mmoja kwa wakati wake alikuwa akiniuliza mimi hali ya mwenzake. Niliwaambia wote wawili ni wapumbavu. Narudia leo, na Bwana Mwishehe anisamehe, maana miaka ile hatutaipata tena.

Marehemu alijitolea pia kufundisha elimu ya watu wazima hapa Temeke kuanzia mwaka 1973. Wazee wetu kadhaa, akiwemo Bibi Chausiku aliyekaa pale mbele, walisoma sentensi yao ya kwanza kwenye Makeke ya marehemu, baada ya kunawa.

Mwaka jana alianza kuvimba miguu na kuchoka. Madaktari walisema ni moyo. Alilazwa Muhimbili tarehe 20 Agosti mwaka huu. Siku ya nne aliniambia, "Yustina, niitie mtani. Na wifi yako alete toleo la kwanza."

Mwishehe alikuja jioni, saa za kutazama wagonjwa. Alisimama mlangoni, akasema, "Mngoni, wamekuweka kitanda kizuri kuliko nyumba yako."

"Kaa," kaka alisema. Sesilia alimpa kijarida. Kaka aliweka kidole pale palipokwanguliwa. "Weka jina."

Mwishehe alimtazama. "Si ulisema linaharibu?"

"Linaharibu. Sijabadili neno langu, kijarida safi ni bora. Lakini mwanangu amekaa miaka kumi na minne hajulikani nani kamchora. Weka, mtani. Nilikosa."

Mwishehe aliandika, lakini karatasi pale ilikuwa imekonda kwa wembe, kwa hiyo wino ulisambaa. Sahihi ile haisomeki vizuri. Kaka aliitazama, akasema imekaa sawa. Walishikana mikono mpaka muuguzi alipotutoa nje.

Marehemu aliaga dunia Jumatano, tarehe 5 Septemba 1984, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na nane. Ameagiza nakala zake mia moja na kumi na moja zipelekwe kwenye darasa la elimu ya watu wazima, zikiwa kama zilivyotoka mashineni. Ile moja ni ya Sesilia.

Ameacha mke, Sesilia. Watoto watatu, Kasimiri, Rozina na Leonardi mdogo. Ndugu wanne, nikiwemo mimi. Na mtani wake, Mwishehe Jamali, ambaye tangu jana asubuhi hajafanya kituko hata kimoja, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha kazi yake.

Ukurasa wa nyuma wa ratiba mliyoishika tumeuacha mweupe. Wifi yangu anaomba kila aliyemfahamu marehemu aandike hapo neno moja na kutia sahihi, kisha amkabidhi kabla ya kuondoka. Andikeni bila woga. Wa kutukataza ndiye huyu tunayemzika.

Bwana ampokee kaka yetu, ampe mahali pa amani apumzike.