Jina Lililomponyoka Tokuji

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi bibi yenu Chiyono. Mzee Tokuji Awazu ametutoka Jumanne, akiwa na miaka tisini na moja. Chai yenu isipoe. Sikilizeni huku mnakunywa.

Mzee Tokuji alikuwa msimulizi wa sinema, enzi zile picha hazina sauti. Alisimama kando ya pazia la picha akiwasemea wote: bibi harusi, tajiri, hata mbwa. Baba yake alikuwa fundi wa viatu vya mbao. Naye Tokuji alimpenda Fusae, binti wa Mzee Kajitani, mwenye kiwanda cha pombe ya mchele. Walipendana kwa siri. Mtoto wa fundi viatu aoe kwa Kajitani? Thubutu!

Mwaka 1927, mchana wa sikukuu, ukumbi ulijaa. Picha ilihusu kijana maskini na binti wa tajiri, aitwaye Okinu. Kijana akapiga magoti langoni. Tokuji akamsemea: “Fusae! Usiniache, Fusae!”

Mtu akapaza sauti: “We Toku, huyo ni Okinu! Fusae wako yuko mstari wa mbele!”

“Kalewa pombe ya baba mkwe!” akadakia mwingine.

Kweli, Fusae alikuwa mbele, kando ya baba yake. Mzee Kajitani akasimama. Vicheko vikakatika.

“Endelea, kijana,” akasema. “Nataka kusikia huyo baba anajibu nini.”

Kwenye pazia, baba tajiri alikuwa ameshanyoosha mkono kumfukuza kijana. Wasimulizi wengine walimpa baba huyo sauti ya zimwi, watu wakazomea. Tokuji hakufanya hivyo. Alimpa sauti ya mzee anayeogopa kubaki peke yake: “Nenda zako, mwanangu. Mimi nina binti mmoja tu.”

Bi. Fusae, ambaye sasa ana miaka themanini na minane, ameniambia: “Baba alikaa, akatoa leso. Kesho yake akaenda kwa baba yake Tokuji, eti kutengenezewa viatu. Viatu vipya kabisa, Chiyono! Akasema, ‘Mwanao kanisemea vizuri kuliko ninavyojisemea. Mwambie aje tunywe.’”

Walioana majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu kuelekea msimu wa baridi.

Bi. Fusae, watoto na wajukuu, poleni sana. Nasi tuliobaki, leo tukimsimulia mtu aliyetuudhi, tutamsemea kwa sauti gani?