Zuberi wa Kasongo, Aliyekataa Mafuta ya Pipa

Wasikilizaji wapendwa wa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi wote mliosimama karibu na kipaza sauti cha sokoni, sogeeni. Anayetwanga aache mchi kidogo. Leo tunamkumbuka Zuberi, fundi wa pikipiki na magari. Zuberi wa Kasongo. Alifariki Jumanne asubuhi, tukamzika siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Nilitakiwa niongee leo kwa sauti ya chini, sauti ya msiba. Nawaambia mapema kwamba sitaweza. Kila nikimkumbuka mtu huyu damu inanichemka kwa furaha, nataka nisimame juu ya kiti nisimulie.

Mimi ni Moustapha, mnanijua. Huenda hamjui kwamba kabla ya redio nilikuwa karani wa garaji pale Kasongo. Mimi na karatasi zangu, Zuberi na motere zake, injini za magari na pikipiki. Kwa hiyo haya sikuyasikia kwa watu. Nilikuwepo.

Zuberi alizaliwa Kasongo, katika familia ya Waislamu wa mjini. Baba yake alikuwa mshonaji wa kanzu. Mwana akakataa sindano, akapenda mafuta ya motere. Si mafuta ya kula, wasikilizaji, mafuta ya motere. Alikuwa akiyachukua tone moja, anayasugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, anafumba macho. Halafu anainamisha kipande cha bati, anaweka matone mawili ya mafuta mawili tofauti, anatazama lipi linafika chini kwanza. Tulimcheka sana. Mkewe, Mama Faida, aliniambia juzi: "Hata siku ya harusi yetu vidole vyake vilikuwa vyeusi. Nilimuuliza, weye umeoa miye ao umeoa pipa?"

Lakini kabla ya sifa, tuseme kosa. Zuberi mwenyewe alikuwa anaanza na kosa.

Mwaka 1943, wakati wa vita, mafuta ya motere hayakupatikana. Meli hazikuja. Mafundi wote wa Kasongo wakafanya jambo moja: walichukua mawese yetu haya ya michikichi, wakayachemsha, wakayachuja kwa kitambaa, wakayachanganya na mafuta machafu yaliyokwisha kutumika. Kwenye joto yalikwenda vizuri tu. Watu wakajisifu. Zuberi naye akajisifu, tena kupita wote.

Ikafika Juni. Mnajua asubuhi za Juni. Jean-Marie, mpeleka barua, akapanda pikipiki yake kwenda Lusangi. Chini ya motere mawese yalikuwa yameganda, mazito kama uji uliolala. Hayakupanda juu. Motere ikakauka, ikakamata ghafla mtelemkoni, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Jean-Marie akarushwa chini. Mguu wake wa kuume ukavunjika mahali pawili.

Bwana wa garaji wa wakati ule akauliza ni nani alitia mawese. Mafundi wanne walikuwa wamesimama pale, na wote wanne walikuwa wanatia. Mmoja tu alijibu. Zuberi alisema, "Ni miye."

Akaandikwa. Ninyi wenye buku ya kazi, kitabu anachobeba kila mfanyakazi, mnajua maana yake. Mstari mmoja mbaya ndani ya buku yako, kila bwana mpya anausoma kabla hajatazama uso wako. Ule wa Zuberi ulisema: ameua motere kwa uzembe. Mstari mmoja unavumilika. Ikiwa miwili, hakuna garaji itakayokupokea tena, si Kasongo, si Kindu.

Na Mama Faida, alipopata habari ya mawese, alisema nini? Nanukuu maneno yake: "Kila Juni chupa ya mawese inaganda. Naiweka karibu ya moto ndiyo inamwangika. Kila mwanamuke wa Kasongo anajua hiyo. Hakuna fundi hata mumoja alikuja kuniuliza." Mafundi, mnasikia hapo?

Tangu siku hiyo Zuberi akawa mtu wa kuuliza. Aliuliza wapishi, aliuliza madereva, aliuliza mapadri. Miaka kumi na moja aliuliza.

Sasa shikeni viti vyenu. Mwaka 1954, mwezi wa Juni tena. Garaji yetu ilipata pikipiki mpya kabisa kwa ajili ya muuguzi Jean-Baptiste, na jeep mpya ya kupanda milima. Pikipiki ile haikuwa kama za zamani. Pikipiki ya zamani, motere ina mafuta yake, na ambrayaji, zile sahani zinazoshika na kuachia nguvu ya gurudumu, zina mahali pake. Hii mpya vyote viliogelea katika mafuta mamoja. Ukikosea mafuta, umekosea mara mbili.

Bwana wa garaji alikuwa mwingine, Mbelgiji, tukimwita Bwana Haraka. Amekwisha kurudi Ulaya, hatatusikia. Bwana Haraka alikuwa na pipa moja la mafuta namba hamsini, namba ya mafuta mazito, ya malori makuukuu. Akaamuru malori, jeep na pikipiki vyote vinywe pipa lile.

Zuberi akamwendea mbele yetu sote. "Bwana, jeep ni amri yako, sijaona kitabu yake. Lakini hii pikipiki haitakunywa ya pipa. Jean-Baptiste amenisomea kitabu yake. Inaomba namba makumi tatu. Ya pipa iko mazito, asubuhi itashikanisha sahani."

"Mafuta ni mafuta," akasema Bwana Haraka.

"Hapana, Bwana."

Wasikilizaji, mwaka ule, nani alikuwa anamwambia Mzungu hapana mbele ya watu? Kalamu yangu ilianguka. Bwana Haraka akamtazama, akasema taratibu, "Tia unayotaka. Ikikufa njiani, naandika mustari wa pili."

Zuberi alitia namba thelathini. Makopo mawili aliyoletewa na Kassimu, mwenye duka, kwa gari moshi mpaka Samba. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto watano, na aliyatia hayo mafuta bila kumwaga tone.

Safari ilikuwa kupeleka chanjo ya ndui Kabambare. Chanjo ndani ya chupa ya kutunza baridi, barafu imeizunguka. Watu wa vijiji vingi waliitwa wakusanyike saa sita mchana. Barafu haingoji mtu. Tuliondoka Kasongo mchana wa siku iliyotangulia, Jean-Baptiste juu ya pikipiki, sisi ndani ya jeep: Bwana Haraka kwenye usukani, Zuberi, na mimi na madaftari ya majina. Tukalala Wamaza.

Kulipopambazuka kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Ukungu umekaa juu ya mihogo. Bwana Haraka akabonyeza jeep. Ikakohoa mara mbili, betri ikaisha. Akatoa manivela, ule mpini wa kuwashia motere kwa mkono, akaizungusha. Haikuzunguka. Akaizungusha mkulima mmoja mwenye mabega, haikuzunguka. Tukaishika watu watatu, ikatutupa matopeni. Mafuta ya pipa yalikuwa yameganda ndani kama gundi.

Kila mtu akageuka kutazama pikipiki. Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo maisha ya Zuberi yalikuwa yamesimama, na alijua. Alisimama, mikono nyuma. Jean-Baptiste akafungua petroli, akaweka mguu, akapiga teke moja.

Teke moja! Pru! Akaingiza gia ya kwanza, sahani zikaachia, zikashika, laini, pikipiki ikaondoka kama inakwenda harusini. Mimi nilipiga kelele, sioni aibu. Wanawake wa Wamaza wakapiga vigelegele bila kujua sababu. Bwana Haraka akaiacha jeep. Alichukua chupa ya chanjo, akaikumbatia kifuani, akapanda nyuma ya Jean-Baptiste. Bwana mkubwa na kofia yake, nyuma ya muuguzi mweusi, wakapotea ndani ya ukungu.

Mnadhani imekwisha? Zuberi akaomba makaa kwa jirani. Akayaweka juu ya bati, akalisukuma taratibu chini ya jeep, pale mafuta yanapokaa, akalaza tumbo chini akiyapepea mbali na petroli. Alikuwa anacheka peke yake. "Mama Faida angeniona," akaniambia. Baada ya nusu saa manivela ikazunguka. Tukafika Kabambare saa tano na nusu. Pikipiki ilikuwa imefika saa tatu, barafu ingali nzima, na safu ya watu wenye mikono wazi ilikuwa inazunguka soko lote.

Jioni Bwana Haraka alimwita Zuberi. Nilikuwepo, na karatasi zangu. Akasema, "Karani, andika buku mpya kwa huyu fundi. Safi. Ule mustari wa zamani tunauacha."

Nikachukua kalamu mbio. Zuberi akaushika mkono wangu.

"Bwana, asante," akasema. "Lakini Jean-Marie anachechemea mpaka leo. Nikibeba buku safi, nitamupita vipi pa barabara? Kama unataka, andika ya leo chini ya ile ingine. Zikae zote mbili."

Zikakaa zote mbili. Binti yake mkubwa, Nuru, ameniletea buku ile studio. Jean-Marie naye alikuwepo Jumanne, alitembea na fimbo yake mpaka makaburini, akawa wa kwanza kutupa udongo.

Mama Faida, Nuru, na watoto wote, poleni sana. Mungu amrehemu Zuberi na amlaze pema. Kasongo inalia pamoja nanyi. Mafundi wa Kabambare na Salamabila wameniomba niseme jina lao pia katika pole hizi, nami nimesema.

Na ninyi madereva, kabla ya kutia, someni vitabu vya motere zenu, au tafuteni wa kuwasomea. Kisha kila mmoja wetu afikirie, usiku wa leo, motere aliyoiua yeye.

Nianze mimi. Kitabu cha ile jeep kilikuja. Kilikuja pamoja nayo, kimeandikwa wazi namba thelathini, na kilipita mkononi mwangu. Nilikitia ndani ya sanduku langu la karatasi kwa uvivu, nikakisahau. Pale Wamaza, tulipokuwa matopeni, nikakikumbuka, nikanyamaza. Nikanyamaza Kabambare, nikanyamaza miaka minne, na Zuberi amekufa sijamwambia. Buku yangu ya kazi ninayo hapa mezani, wasikilizaji wapendwa, karibu na yake. Yangu haina mstari hata mmoja.