Dalali Aliyengoja Mvua

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Pandisheni sauti ya redio, na anayekaanga kitu apunguze moto, asije akaunguza chakula kwa ajili yangu. Leo tunamkumbuka dalali. Naam, dalali wa nyumba! Namsikia mtu kule ananung'unika: dalali naye wa kukumbukwa? Tulia kwanza, ndugu yangu. Huyu alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakumwonyesha mtu nyumba siku ya jua. Narudia: hakuonyesha nyumba siku ya jua. Alingoja mvua.

Mtaani tulimwita Mama Mwavuli, na jina hilo lina kisa chake.

Alipoolewa, yeye na mumewe walitafutiwa chumba na dalali mmoja mwenye maneno matamu. Siku ya kukitazama jua liliwaka, kuta zilikuwa zimepakwa rangi juzi tu, chumba kinang'aa. Wakalipa, wakahamia. Mvua ya kwanza ilishuka saa nane mchana, mume yuko kazini, binti yao ana siku kumi na mbili. Mama wa watu akasogeza kitanda huku, maji yakamfuata. Akasogeza kule, yakamfuata. Mwishowe akaketi katikati ya chumba chake mwenyewe, mlango umefungwa, mtoto mapajani, na mwavuli ameufungua juu yao. Jirani alipochungulia dirishani alicheka mpaka akaomba radhi.

Mtoto yule leo ni mtu mzima, na ni dalali kama mama yake. Anasema: "Mama aliniambia siku ile alilia kwa hasira. Yule dalali alijua! Alijua, akanyamaza. Mama akaapa kuifanya kazi ileile, lakini asimfiche mtu kitu."

Basi ikawa hivi. Mawingu yakitanda, wengine huanua nguo. Yeye alichukua funguo. Simu zinaanza: "Mwanangu, bado unatafuta vyumba viwili? Vaa ndala uje sasa hivi!" Anakusimamisha katikati ya chumba, anakwambia nyamaza, tazama juu. Dakika kumi. Kisha jikoni. Jikoni hakusahau kamwe, maana alisema wenye nyumba hupaka rangi sebuleni, jikoni wakajifanya hawapajui.

Madalali wenzake walimcheka: kiangazi utakula nini? Na kiangazi alikula kwa shida, tusidanganyane. Lakini ndio msimu aliopita kwa wapangaji wake wa zamani, nyumba kwa nyumba. Jirani mnaelewana? Mtoto amepata shule? Bomba limetengenezwa? Hata huyu anayewasemesha alitafutiwa chumba naye. Niliharibu viatu nilivyoazima kwa kaka yangu, na kaka hajanisamehe hadi leo. Lakini chumba hakikuvuja miaka sita!

Sasa sogeeni, maana hapa moyo wangu huenda mbio kila nikisimulia.

Palikuwa na mwalimu wa chekechea. Watoto arobaini na watatu, kibanda kimoja. Wakaguzi wakamwambia: ifikapo Ijumaa mchana uwe na jengo la maana, la sivyo funga shule. Na pale kwenye kona palikuwa na jengo kubwa tupu. Mwenyewe, mzee mstaafu, alikuwa amempa Mama Mwavuli funguo amtafutie mpangaji. Mwalimu analitaka. Mfanyabiashara wa saruji naye analitaka, aligeuze ghala. Mzee akasema: atakayelitazama kwanza na kulikubali, ni lake.

Tatizo ni kwamba kilikuwa kiangazi. Jumatatu hakuna wingu. Jumanne hakuna wingu.

"Mama, mimi nipe funguo tu," mfanyabiashara alisema. "Sihitaji kutazama."

"Sitoi funguo za jengo nisilojua linavuja wapi."

Mwalimu naye akaja, macho mekundu. "Mama, huo msimamo wako ndio utakaonifungia shule."

Neno hilo lilimchoma. Angeweza kumpa mwalimu funguo kimyakimya, nani angemlaumu? Lakini alikumbuka mtoto wa siku kumi na mbili. Hakuwa tayari kuweka watoto arobaini na watatu chini ya bati asilolijua.

Alhamisi asubuhi, anga jeupe pe, akafunga kibwebwe. Akapita kwa watu wake wote, mlango kwa mlango. "Mvua imekataa kuja. Tutainyesha wenyewe!"

Wakaja, wasikilizaji! Fundi bati na ngazi zake. Wafua nguo na ndoo. Muosha magari na mpira wa maji mrefu kama reli. Mfanyabiashara na mwalimu wakasimamishwa ndani, bega kwa bega. Nyamazeni, tazameni juu. Nje watu wakamwaga maji juu ya paa, ndoo baada ya ndoo, kelele na vicheko tupu.

Dakika ya tatu, tone. Likatua kwenye bega la mfanyabiashara. Tone la pili. La tatu. Paa linavuja mahali patatu!

"Saruji yangu itageuka mawe!" Akatoka mbio, hakuaga.

Mwalimu alibaki palepale, maji yanamtiririka puani. "Saruji ikilowa inaganda," akasema. "Watoto wakilowa wanacheka. Nalichukua."

"Hulichukui likivuja!" Mama Mwavuli akafoka. Fundi bati alikuwa ameshapanda. Ijumaa mchana wakaguzi walikuta watu wazima wamelowa chapachapa, wanamwaga maji mara ya pili, na ndani sakafu ni kavu. Hakuna tone hata moja! Shule ile ipo hadi leo. Miaka kumi na tisa, ipo hadi leo.

Mwezi uliopita Mama Mwavuli alikuwa kitandani, mgonjwa. Mvua ikaanza. Binti yake anasimulia: "Akafumbua macho. 'Wale waliooana juzi, wameshaona nyumba?' Nikamwambia Mama, leo sitoki, nakaa nawe. Akanikaripia: 'Mvua itakatika! Chukua mwavuli uende.' Nikaenda. Nikarudi nimelowa, nikamwambia haivuji, wameipenda. Akatabasamu. Kisha akauliza: 'Na jikoni?'"

Jikoni binti alikuwa hajatazama. Akatoka tena mbio.

"Niliporudi alikuwa ameshatangulia," anasema. "Nikaketi pale kitandani, nikamwambia hivyo hivyo. Mama, jikoni ni pakavu."

Kwako binti, kwa baba yako, kwa mwalimu na watoto wake, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote tunaolala pakavu kwa ajili yake.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ana kitu anachomkabidhi mwenzake: kazi, ahadi, nyumba, neno. Jiulize kama unajua kinavuja wapi, na kama umemwambia.

Hapa studioni naona dirisha limeanza kulowa. Binti, najua unatusikiliza. Zima redio, mama. Chukua funguo.