Wimbo wa Ua la Mtoni: Maisha ya Mwalimu Octave Lifoko

Mwalimu Octave Lifoko alifariki Jumatatu, tarehe 10 Februari 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali ya hapa Kisangani, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Alizaliwa Isangi mwaka 1919, mtoto wa papa Bosongo, mvuvi, na mama Alphonsine, akasoma kwa mapadri, akapata cheti cha ualimu mwaka 1938, na tangu hapo alifundisha watoto wa ukingo huu wa mto. Tarehe 5 Juni 1943 alimwoa Clothilde, dada yake Michel mvuvi, na Mungu akawapa Augustine na Faustin.

Kila mwaka aliwatungia wanafunzi wimbo wa ua moja, akiamini kwamba mtoto anayejua kutazama ua atajua pia kusema. Mwaka 1954, akirudi kutoka Isangi, aliona ua la zambarau likielea mtoni, wala hakuna aliyelijua jina, akalileta nyumbani katika beseni, akalitungia wimbo wa mgeni asiyeomba hata shamba. Watoto waliuimba, kila mama akataka beseni lake mlangoni, na mabeseni yalipojaa, mimea iliyozidi ikatupwa mferejini, njia ya wavuvi kupitisha pirogi, yaani mitumbwi yao, kwenda mtoni.

Kufikia mwaka 1956 mfereji ulikuwa umezibika, nyavu zimekauka ukutani, na Michel akawa anampigia shemeji yake kelele mbele za watu: « Mwalimu, kuya toa maua yako, pirogi inakwama! » Watu walicheka, yeye hakucheka. Wenzake walimwambia kwamba mmea ule ungefika hata bila wimbo, akajibu kwamba ungefika, lakini usingekuta umeandaliwa beseni. Aliwakataza watoto kuuimba mpaka pirogi ipite tena, hakutunga mwingine, na kila siku baada ya masomo aliingia majini na panga.

Januari mwaka huu alishikwa na homa, kisha kifua, akalazwa tarehe 27. Jioni yake ya mwisho alimwuliza Clothilde kama pirogi inapita.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliokesha nasi, pamoja na wale walioshika panga wakamalizia mfereji wakati yeye yuko kitandani, Michel akiwa wa kwanza kati yao.

Jana, Jumanne, saa nne asubuhi, Michel alileta mwili kutoka hospitali kwa pirogi yake, akapita mferejini bila kukwama, na huku akipiga kasia aliuimba wimbo ule, mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu, pirogi imepita, ulale kwa amani.