Nani Anabonyeza kwa Jina la Onyok?

Benchi langu liko kona ya kwenda sokoni, hapa mjini Lipa, na anayedai amekunywa barako, kahawa yetu kali, hajanywa ninayochemsha mimi, Charing. Watu wakitoka matangani hutua hapa kwanza, maana kwetu hutoki msibani ukaenda nyumbani moja kwa moja; unakaa mahali, unapiga soga, marehemu anakupoteza njiani asikufuate. Pikipiki ilipomuua Onyok, fundi wetu wa kuchomelea, kijiwe kizima kilikesha kwao kisha kikatua hapa. Kwao ni pale ng'ambo ya barabara, nyumba ya bati la kijani.

Asubuhi hiyo tulikuwa na mgeni, binti mpole wa chuo kikuu cha Manila, anaitwa Liwayway. Anachunguza jinsi watu wanavyoomboleza kwenye Fesibuku. Anakusanya yale wanayowaandikia marehemu, kompyuta inayagawa mafungu, huzuni huku, furaha kule. Ukurasa wa Onyok ulimtatiza, maana kompyuta iliutupa karibu wote kwenye furaha. Akamgeukia Bungal, tunayemwita hivyo kwa sababu meno ya mbele yalishamkimbia.

— Kaka, hii ni yako? "Onyok, yule jogoo uliyekuwa unatutambia tumemla. Mgumu kama kichwa chako."

— Yangu.

— Ulikuwa na furaha?

Bungal alizungusha kikombe chake.

— Nilikuwa nacheka huku nalia. Kompyuta yako ina fungu la hiyo?

Binti akasema haina, na akaonekana kusikitika kwa dhati. Nikampenda hapo hapo. Akatuambia kuna jambo jingine. Kila ujumbe kwenye ukurasa ule una moyo mwekundu, na moyo wenyewe unatoka kwa Onyok. Nani anaubonyeza?

Sisi tulishauzoea. Unaandika, unapata moyo wako, unamalizia kahawa. Lakini kijiwe changu hakijawahi kukosa jibu, na Kapitan, aliyegombea uongozi wa mtaa akaangushwa, akabaki na cheo cha benchi tu, alikuwa nalo tayari.

— Ni kampuni. Wana ofisi huko Marekani, watu wamejipanga kwenye viti, kazi yao kuwabonyezea marehemu mioyo ili sisi tusihame.

— Acha uongo, Kapitan. Ni mwizi, Bungal akasema. Simu ya Onyok si ilipotea siku ya ajali? Kuna mtu aliiokota.

— Mwizi gani anapenda habari za jogoo?

— Ameshatuzoea. Labda hana kijiwe chake, maskini.

Tukamwonea huruma mwizi kwa muda. Kisha Kapitan akasogea, akashusha sauti, akasema amechunguza. Umeme wa mtaa huu ukikatika, moyo hauji. Ukirudi, mioyo inamiminika kwa pamoja.

— Mnaelewa maana yake? Onyok hajafika mbali. Bado anatumia mtandao wa hapa hapa.

Bungal akajikuna kidevu, akasema basi huko aliko hata bando hawampi. Tukacheka mpaka benchi likalia. Liwayway naye alicheka, akafunga kompyuta yake, akasema hawezi kutumia ujumbe wetu hata mmoja bila ruhusa ya familia.

— Mama yake yupo? Hajambo?

Kapitan akatazama ndala zake, kisha akasema alidhani Bungal huenda kumwona. Bungal alidhani mimi ndiye ninayempelekea mkate. Mimi huliona pazia lake kila asubuhi nikiwasha jiko, na nilijiambia pazia likifunguliwa basi yu mzima. Nanay Sepa, mama yake Onyok, alitupikia uji wa tangawizi usiku wote wa kesha. Tulitua hapa tukitoka kwake, na hakuna aliyewahi kuvuka barabara tena.

Bungal akatoa simu. Nadhani ni mazoea tu, maana akikwama huwa anamwandikia Onyok. Aliandika akijisomea kwa sauti.

— Bro, mama yako hajambo?

Kapitan akamwambia amechanganyikiwa. Moyo ukaja, kama kawaida. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, yakaja maneno. Bungal aliyatazama, akashindwa, akampa binti ayasome.

— "Mama hajambo kidogo. Huwasikia mkicheka kila asubuhi. Hajui tu mnacheka nini."

Ng'ambo ya barabara pazia lilikuwa wazi, na nyuma yake kulikuwa na mama mwenye umbo dogo, ameshika kwa mikono miwili simu tuliyodhani imepotea. Nilisikia aibu, na nilisikia upendo, vyote kwa pamoja, na sijui kompyuta ingeniweka fungu gani.

Kapitan alinyanyua birika, mimi nikachukua vikombe, Liwayway akaiacha kompyuta yake juu ya benchi na kutufuata mikono mitupu. Tulipofika, Nanay Sepa alikuwa ameshafungua mlango. Hakuuliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Alisogeza viti, akaketi, akatutazama mmoja mmoja.

— Haya, Bungal. Mlikuwa mnacheka nini?

Bungal akafuta macho kwa kola ya shati lake, akaanza na ya jogoo.