Bi Mwanapili na Baraza Aliyonyimwa

Marehemu Bi Mwanapili binti Mcha alizaliwa Kidichi mwaka 1921, mtoto wa mchuma karafuu. Shule hakupelekwa. Alisoma chuoni kwa Maalim Gharib, akahitimu Msahafu, kisha akahamia mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa shangazi yake, akaanza kupika vitumbua.

Mwaka 1940 aliolewa na Muhiddin Jecha, seremala. Muhiddin alikuwa akija kununua vitumbua hali keshashiba. Alikuja kukiri siku ya harusi. Walijaaliwa binti mmoja, Kidawa. Muhiddin alitangulia mbele ya haki mwaka 1962.

Kazi yake marehemu ilikuwa barazani kwake, na hili lisemwe leo bila ya kuoneana haya. Mwanamme akija asubuhi, hukaa pale, hula kitumbua, hunywa kahawa ya Mkubwa, muuza kahawa aliyekaa hapo hapo, na kiatu chake humpa fundi wa pembeni akakitia kiraka. Haingii ndani, hamvunjii mtu heshima. Mtaa mzima ulikula kwa baraza ile.

Mwaka 1969 nyumba ikavunjwa kupisha majumba mapya ya ghorofa, naye akapewa ghorofa ya tatu. Haki isemwe: bomba alilifurahia, na taa pia. Lakini walochora majumba walisahau baraza. Ngazi inakutoa njiani, inakutupa mlangoni kwa mjane. Mwanamme gani mwenye adabu atapanda kupiga hodi kwa ajili ya kitumbua? Wateja wakakatika. Mkubwa akaondoka na dele lake la kahawa. Na fundi viatu vile vile. Eti maendeleo!

Bi Mwanapili akateremsha kikapu kwa kamba dirishani. Watu wakarudi, na maneno yao.

"Bi Mwanapili, leo unavua?"

"Navua, na weye ndo chewa wa kwanza, mdomo wazi!"

Akaja bwana mmoja msimamizi wa majumba.

"Bi, kikapu hiki kinatia aibu mji mpya."

"Basi nijengee baraza hapo chini, mwanangu, nshuke."

"Subiri. Majumba yakisha, uchumi utakuja wenyewe."

"Utakuja kwa ngazi ipi? Mbona wateja wangu imewashinda?"

Kamba ikachukuliwa. Baraza haikujengwa.

Mwaka 1971 miguu ilimvimba, kisha moyo ukamsumbua. Kushuka kukamshinda. Mwanamke aliyezoea salamu za mtaa mzima akawa anasalimiana na ukuta. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, alfajiri, mikononi mwa Kidawa.

Jeneza halikuweza kugeuka kwenye ngazi ile. Basi waliokuwa wakiona haya kupanda kununua, siku hiyo walipanda, wakamteremsha kwa mikono yao. Mkubwa alipika kahawa. Watu waliokota matofali, wakayapanga chini, wakakaa pale pale alipoomba baraza yake. Hakuna bwana aliyekuja kusema wanatia aibu mji. Matofali yapo mpaka leo, na atakayeyaondosha aje kwanza kwa Kidawa.

Ameacha binti yake Kidawa, wajukuu Wanu na Msabah, na mdogo wake Jaku, aliyeyasoma haya hitimani.

Mola amlaze pema Bi Mwanapili, na huko ampe makao yenye baraza.